Injini Niliikuta ya Moto

Kihesa, Iringa
5 Mei 2025

Fundi Lutengano Mwasomola,

Salamu nitakupa siku ukizistahili. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu tangu Jumamosi simu yangu haikufikii, na dada wa duka la vocha amenieleza maana yake ni kwamba umenizuia. Barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, mwaka wa ishirini na sita sasa, na kila ninachoandika ninabaki na nakala yake.

Ulikuja kwangu kununua pikipiki ya marehemu mume wangu, ile ya mwaka sabini na nne ambayo ulisema kwenye simu kwamba wateja wako wanazililia. Nilikupokea kama mgeni. Hata ufunguo hujaomba, ukaigusa injini kwa kiganja ukasema, "Mama, hii mmeshaiwasha leo." Kisha ukavuta kiti. Saa mbili na nusu umekaa kwangu ukisubiri injini ipoe, unakunywa chai yangu na kula maandazi niliyoyapika kwa ajili ya akina mama wa jumuiya. Ilipopoa ukaiwasha, ukaegemeza ncha ya bisibisi kwenye silinda na mpini wake sikioni, ukafumba macho. Majirani walikuwa wamejaa uani. Na mbele yao wote, bila kupunguza sauti, ukatangaza: "Pistoni inapiga silinda. Hii imekufa, na anayeiuza anajua."

Halafu ukainama, ukachungulia chini ya ile silinda, ukarudisha bisibisi mfukoni. Ukapanda gari lako bila kuaga.

Mzee Mwigulu wa Mafinga, mteja wangu wa pili, alikuwa aje Jumapili kuichukua wewe ukiikataa. Habari zilimfikia kabla ya jioni, na haitaki tena. Wewe umeniita mwongo mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Mimi najua nini kuhusu pistoni? Nataka barua ya kukanusha, yenye sahihi yako, niibandike kwenye gereji ya mtaa ili kila aliyesikia asome.

Mwl. Benedicta Kikoti


Mwanjelwa, Mbeya
11 Mei 2025

Mama Kikoti,

Barua yako imefika ikinuka dagaa wa kondakta. Namba yako niliizuia kwa sababu ulinipigia mara kumi na nne nikiwa nachomelea. Kwa kuwa umetaka karatasi, nami nakujibu kwa karatasi.

Huu ni mwaka wa kumi na tisa nanunua pikipiki za zamani, na kitu cha kwanza ninachotoa mfukoni ni kiganja, siyo hela. Injini ya baridi husema kweli. Pistoni iliyolegea ndani ya silinda hugonga ikiwa baridi, ikipata moto hutanuka na kunyamaza, na mnunuzi mjinga analipa huku anacheka. Kwa hiyo mwenye injini inayogonga huamka mapema akaipasha. Nawajua hao, nimekunywa chai kwenye nyua zao nyingi. Wengine huweka oili nzito ya trekta ili kelele imezwe. Nilipochomoa kijiti cha oili cha pikipiki yako, oili ilidondoka kama asali. Hilo sikulisema mbele ya majirani zako. Ungenishukuru.

Wala usifikiri nilisikia uzee nikauita ugonjwa. Tapeti za valvu kulialia kidogo ni kawaida ya mashine ya zamani. Mnyororo wa ndani ukilia unabadilishwa, maisha yanaendelea. Mlio wa kwako siyo huo. Ni chuma kinapiga chuma kilichochubuka, na injini yenyewe haijatembea kilomita za kuifikisha hapo. Haikuzeeka, iliumizwa.

Kukanusha siandiki, na pikipiki sinunui. Ila nijibu mambo mawili. Silinda hiyo mara ya mwisho ilifunguliwa lini, na nani? Na pikipiki imesimama tangu mwaka gani? Nauliza kwa faida ya kazi tu.

L. Mwasomola


Kihesa, Iringa
17 Mei 2025

Fundi,

Unauliza kwa faida ya kazi, nami nitakujibu ili usiseme ninaficha. Kitu nilichokificha ni kimoja na nakisema mwenyewe. Injini aliipasha Gerson, fundi wa mtaa huu, kwa ruhusa yangu. Oili ya trekta aliiweka yeye pia, kwa hela yangu. Pikipiki imekaa stoo miaka sita, akaniambia bila hivyo mteja atakimbia. Anayeuza nyumba hupaka rangi kwanza. Sioni dhambi hapo, na kama usingetaja oili nisingekuambia.

Silinda ilifunguliwa mwanzoni mwa Machi 2019. Ilikuwa inatoa moshi. Gerson aliifungua akaituma Mbeya kwa basi ikachongwe, maana hapa mashine ya kuchonga ilikuwa mbovu, ikarudi na pistoni mpya. Siku ya tatu baada ya kufungwa, mume wangu akafa nayo.

Utauliza tena, kwa hiyo nakumalizia. Philbert alikuwa mlevi. Aliacha, akaapa mbele ya kwaya nzima, na akakaa miaka minne bila kugusa. Jumamosi ile alikwenda kwao Tanangozi kuchukua pombe ya ulanzi ya wageni wa mahari ya dada yake. Akafunga dumu la lita ishirini nyuma ya pikipiki. Kwenye ule mlima wa kutoka Ipogolo kuingia mjini akaanguka, kichwa kikapiga jiwe la kando ya barabara. Waliomwokota walikuta dumu tupu na yeye ananuka ulanzi kuanzia kichwani mpaka viatuni. Nani alihitaji kuuliza zaidi?

Shemeji zangu walitaka wasifu wa marehemu usomwe "ajali" tu. Nikakataa. Nikasema kama kwaya ilisikia kiapo, isikie na mwisho wake. Ukasomwa kaburini hivi: "Alianguka na pikipiki akiwa amelewa." Binti yetu wa pekee, Devota, alikuwa na miaka kumi na saba, amesimama pale. Tangu siku hiyo ananiita Mwalimu. Sasa yuko Mgololo kikazi. Akija Krismasi analala kwa shangazi yake, kwangu anapita kusalimia akiwa amesimama.

Nauza hilo chuma ili akija asilikute stoo. Labda akikaa mahali ambapo halipo, atakaa. Hiyo ndiyo biashara uliyonivunjia kwa mdomo wako.

Mwl. B. Kikoti


Mwanjelwa, Mbeya
25 Mei 2025

Mama Kikoti,

Nimebadili mawazo. Bei uliyotaja siku ya kwanza nitailipa yote, na nitakuja na gari langu kuichukua. Sharti ni moja: asiifungue mtu. Huyo Gerson wako asiguse hata nati moja ya silinda. Mteja wangu anataka injini ambayo haijaguswa, na usiniulize sana habari za wateja wangu.

Na wewe acha kumwandikia mambo ya mazishi mtu unayemuuzia pikipiki. Mimi siyo mchungaji wako. Nilikuuliza mwaka, ukanipa msiba mzima.

Kuna jambo moja dogo. Siku ile, barabarani pale alipoangukia, kuna aliyeona alama nyeusi ya tairi la nyuma? Kama hukumbuki, achana nalo. Nijibu haraka kuhusu bei, mwezi ukiisha nitakuwa nimepata nyingine.

L. Mwasomola


Kihesa, Iringa
2 Juni 2025

Fundi,

Mwezi uliopita ulisema pikipiki imekufa, mwezi huohuo ukataka kuilipia bei ya iliyo hai. Nimesahihisha madaftari miaka ishirini na sita. Mtoto anayefunika jibu kwa kiwiko ndiye ninayemwendea. Nilipomaliza kusoma barua yako nilimwita Gerson nikamwambia afungue, na nikasimama palepale mpaka mwisho.

Pistoni imechubuka pande zote mbili, michirizi mirefu kutoka juu mpaka chini, na silinda vilevile. Gerson aliishika mkononi, akakaa kwenye kigoda. Kisha akasema, "Mwalimu, hii ilijamu. Ilipata moto mlimani, ikabana ndani ya silinda, tairi la nyuma likafunga. Hapo angeanguka mtu yeyote." Nikamuuliza mbona mwezi uliopita iliwaka. Akasema ikishapoa inaachia, ila inabaki na kilema, na ndicho kile ulichokisikia kwa bisibisi. Nikamuuliza mbona hakusema 2019. Akasema pikipiki iliingizwa stoo ikafungiwa, hakuna aliyemwambia aifungue, na ile harufu ilimtosha yeye kama ilivyotutosha sisi.

Nilimpigia shemeji yangu Adrian kuhusu alama ya tairi. Anaikumbuka. Hatua kumi, nyeusi, imenyooka. Askari aliipima kwa miguu akaandika kwenye kitabu chake, halafu akasikia harufu ya ulanzi na yeye akafunga kitabu. Dumu lilikuwa limepasuka ubavuni, Adrian anasema, na sisi wote tulilitazama tukaona dumu lililonywewa.

Sasa kuhusu wewe. Chini kabisa ya silinda kuna vitone vitatu vilivyogongwa kwa msumari. Ndipo ulipochungulia siku ile. Gerson anasema ni alama ya fundi aliyeichonga, mtu wa Mwanjelwa, jina limemtoka.

Bei yako siitaki kwanza. Vitone vitatu ni vya nani? Jibu kwa neno moja, usinipige chenga.

Mwl. B. Kikoti


Mwanjelwa, Mbeya
9 Juni 2025

Mama Devota,

Vyangu.

Hilo ndilo neno ulilotaka. Haya mengine usome au uchane.

Kila silinda ninayoichonga naigonga vitone vitatu ili mtu asije kuniletea lawama ya kazi ya mwingine. Wiki ile umeme ulikuwa unakatika kila saa, na foleni mbele yangu ilikuwa ndefu. Uliporudi nilichonga ya kwenu haraka, nikaijaribia pistoni, ikaingia, nikaifunga ikaondoka na basi la mchana. Ilikuwa inabana kuliko inavyotakiwa. Niligundua jioni hiyohiyo, nilipokuwa napima silinda nyingine nikaona kipimo changu kimepinda. Ile karatasi iliyokuja na silinda bado ilikuwa mezani, imeandikwa Philbert Kikoti na namba ya simu. Niliisoma. Nikasema akienda polepole siku za mwanzo, pistoni itajitafutia nafasi yenyewe. Nikaitumia karatasi kufutia mikono.

Kilichofuata sikukijua. Nilianza kukijua uani kwako. Mlio nilishausikia na nikausema kwa kiburi changu chote, ndipo nikaona vitone. Nilitaka kuinunua ili niipasuepasue, na nisingekuambia kamwe. Naandika hivi kwa sababu umeshajua.

Kwa pistoni ile, kwenye mlima ule, na mzigo ule, angeanguka hata asiyewahi kuonja ulanzi. Kama mumeo alikunywa au hakunywa mimi sijui, injini haisemi hilo. Nasema tu haikuhitaji ulevi.

Lakini usinitwike peke yangu. Mimi niliharibu chuma. Wasifu sikuuandika mimi. Askari alipima alama ya tairi, Gerson alikuwa na spana miaka yote sita, na wewe ndiye uliyelala na yule mtu kitanda kimoja miaka minne akiwa hanywi, na bado ilikutosha harufu ya shati. Hela ninazo, taja. Au peleka barua hii polisi. Ila kuja Iringa siji.

Lutengano Mwasomola


Kihesa, Iringa
14 Juni 2025

Fundi,

Hela zako kaa nazo. Polisi nitakwenda siku nikipenda, barua yako nimeitoa nakala tatu.

Kuja, utakuja. Jumamosi tarehe 28 tunajengea kaburi la Philbert kule Tanangozi. Miaka sita limekaa udongo mtupu, ndugu zake walipotaka kulijengea mimi sikutoa hata mfuko mmoja wa saruji. Safari hii nimenunua yote, na msalaba. Ukoo utakuwepo na kwaya ile ile. Wasifu utasomwa upya, nimeshauandika, na sehemu ya chanzo cha kifo utaisoma wewe kwa sauti uliyoitumia uani kwangu. Usipotokea nitaisoma barua yako yote neno kwa neno, na nakala ya pili itabandikwa hapo Mwanjelwa mlangoni kwa jirani yako.

Ulichosema juu yangu sikijibu. Kimeniuma, na hakijaniuma kwa kuwa ni uongo. Siku ya mazishi sikulia, fundi. Nilikuwa na hasira nikaona kulia ni kumpa zawadi. Jumatano iliyopita nilikuwa nawasomea watoto imla, neno "abiria", nikalia kabla ya kulirudia. Watoto arobaini na mbili waliweka kalamu chini wakanitazama. Nakuchukia kwa hilo pia.

Devota nimemtumia nakala za barua zetu zote na wasifu mpya. Nimemwambia baba yake alikufa akiwa hajalewa, na kwamba mimi na yeye sasa hatuna tena cha kugombania. Atafurahi. Chumba chake nimeshakifagia na kutandika.

Fika saa tatu asubuhi. Chai utakunywa kwako.

Mwl. Benedicta Kikoti


Mgololo
20 Juni 2025

Mwalimu,

Barua zenu nimezipata. Nimezisoma nikiwa kazini, wakati wa chakula, na sikula.

Unaniandikia kama mtu anayeniletea habari mpya. Siku ile mochwari nilipewa kitambaa nimfute baba uso, kwa sababu wewe ulikataa kuingia. Nilimfuta damu mdomoni. Nikainama nikamnusa, maana na mimi nilikuwa nataka kujua. Shati lilinuka ulanzi, suruali ilinuka, nywele zilinuka. Mdomo haukunuka. Nilikufuata nje nikakwambia, baba mdogo Adrian akiwa amesimama hapo, muulize. Ulisema, "Usimtetee mlevi," ukaniamuru nikae ndani ya gari. Mikono yangu ilikuwa bado na damu yake.

Huyo fundi mwenyewe amekuandikia kwamba injini haisemi kama baba alikunywa. Naona mstari huo umeuruka. Aliyejua ni mimi. Mgeni wa Mbeya, aliyekudharau mbele ya majirani, amekwambia kwa barua moja ukamwamini mpaka ukalia darasani. Mimi nilikwambia ana kwa ana nikiwa mtoto wako. Sasa unaniambia nifurahi.

Simchukii huyo fundi kama unavyotaka. Alikosea kipimo, akaogopa, akaficha, na amekiri akiwa amebanwa ukutani. Aje, asome, aende. Pikipiki usimuuzie, wala usiiuze kwa mtu mwingine. Nitakuja na gari la mwenzangu wa kazini niichukue, hivyohivyo ilivyofunguliwa.

Tarehe 28 nitakuwepo. Kwako sitalala, usinisubiri na chakula.

Wasifu wako mpya nimeusoma. Umeandika vizuri, kama kawaida yako. Ila pale ulipoandika, "Watu wengi walidhani marehemu alikuwa amelewa," nimepiga mstari kwa kalamu nyekundu na ninakurudishia karatasi. Watu hawakudhani, Mwalimu. Shangazi alikuomba, babu alikupigia magoti, na wewe ukasema lazima isomwe. Futa hao watu wengi. Andika jina lako hapo, na uisome wewe, kabla ya fundi.

Devota Philbert Kikoti